Kutoka Keekee ya Az-Zahrawi hadi Leza: Historia ya Kuvunja Mawe ya Figo



Siku chache zilizopita mzazi wa mmoja wa wanafunzi wetu alitujia akiwa na wasiwasi. Ana jiwe kwenye figo, na daktari amemwambia litavunjwa kwa leza bila ya kupasuliwa. Hakuamini. Alidhani anafichwa jambo, akawa anaahirisha kurudi hospitali. Tukaona ni vyema tuieleze historia ya tiba hii, kwani sehemu ya mwanzo wake tunaisomesha madrasa.

Hofu yake si ngeni. Tangu zama za Wayunani jiwe la kibofu lilitolewa kwa kisu, mgonjwa akiwa macho, na wengi walikufa. Kiapo cha Hippocrates kinamkataza tabibu kumkata mwenye jiwe. Kazi hiyo awaachie wenye ujuzi nayo.

Abul-Qasim az-Zahrawi, tabibu wa Qurtuba katika Andalus aliyefariki karibu na mwaka 404 Hijria (1013), aliandika At-Tasrif, kitabu chenye sehemu 30. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, na humo alichora vyombo vyake. Kimojawapo ni mish'ab, keekee nyembamba ya chuma yenye ncha ya pembe tatu na mpini wa mti. Jiwe likikwama katika njia ya mkojo, alifunga uzi nyuma yake ili lisirudi kibofuni, kisha akaingiza keekee taratibu mpaka iliguse jiwe, akaizungusha kidogo kidogo mpaka litoboke. Baadaye alilibonyeza kwa nje likavunjika, na vipande vikatoka na mkojo.

Hata hivyo tusizidishe. Az-Zahrawi hakuifikia figo, na kwa jiwe la kibofu naye alitumia kisu. Wanaosimulia kana kwamba leza imo ndani ya At-Tasrif hawamtendei haki. Alichofanya kinatosha: alilivunja jiwe pale pale lilipo.

Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini na Gerard wa Cremona, mjini Toledo, katika karne ya 12. Mwaka 1824, mjini Paris, Jean Civiale alisaga jiwe la kibofu kwa chombo kilichopitishwa njia ya mkojo, bila ya kisu.

Figo ilibaki mbali. Mrija unaoiunganisha na kibofu ni mwembamba na una kona, na chombo cha chuma hakipindi. Mwaka 1954 Harold Hopkins na Narinder Kapany, wakiwa London, walionyesha kwamba picha inaweza kupita katika fungu la nyuzi za kioo hata likipindishwa. Mwaka 1964 daktari wa Kimarekani, Victor Marshall, aliingiza kifaa cha namna hiyo katika mrija wa figo na kuliona jiwe. Aliliona tu! Kifaa hakikuwa na usukani wala tundu la kupitishia chombo cha kulivunja. Hayo yaliongezwa baadaye.

Leza nayo ilianza mwaka 1960. Ilipojaribiwa kwenye mawe mwishoni mwa miaka ile, joto lake lilikuwa la hatari kwa mwili. Suluhisho lilikuja miaka ya 1990 kwa leza ya holmiamu. Mwanga wake hunywewa na maji upesi mno, hata hauvuki nusu milimita hivi. Jiwe linaloguswa huvunjika, na nyama iliyo pembeni husalimika daktari akiwa makini.

Basi leo mgonjwa hulazwa usingizi, kamera nyembamba inayopinda hupitishwa njia ya mkojo, kupitia kibofuni hadi ndani ya figo, na uzi wa leza hutangulia mbele yake. Mara nyingi huachiwa mrija mdogo ndani kwa siku kadhaa ili mkojo upite. Mawe makubwa, hasa yanayozidi sentimita 2, kwa kawaida hutolewa kwa kutoboa tundu dogo mgongoni. Na mwenye jiwe akipata homa pamoja na maumivu asingoje miadi. Aende hospitali siku hiyo hiyo, maana figo iliyoziba na kuingia vijidudu inaweza kuua.

Mzazi wetu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama atapewa jiwe lake alione. Tulimwambia sehemu kubwa litakuwa vumbi. Vipande vichache huokotwa kwa kikapu kidogo cha waya na kupelekwa maabara, ijulikane ni jiwe la aina gani.