Kipimo cha kingamwili cha malale

Kipimo cha kingamwili cha malale ni uchunguzi wa damu unaotafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza dhidi ya Trypanosoma brucei gambiense, kimelea kinachoenezwa na mbung'o. Katika kipimo cha kadi, kilichobuniwa mwaka 1978, tone la damu huchanganywa na vimelea vilivyokaushwa na kutiwa rangi. Vikishikamana ndani ya dakika 5, mtu hushukiwa kuambukizwa. Kwa wepesi huo, timu zinazozunguka vijijini Kongo zimeweza kupima watu wengi kwa siku moja. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba kingamwili hubaki mwilini hata baada ya mgonjwa kupona. Kwa hiyo kimelea chenyewe hutafutwa kwa darubini katika damu, majimaji ya tezi au ya uti wa mgongo. Kwa malale ya aina ya rhodesiense, inayopatikana Tanzania, kipimo hiki hakifai.