Kitabu cha Maelezo ya Unix, 1971–1979

Watu wengi hudhani ya kuwa kitabu cha maelezo huandikwa baada ya kazi kwisha. Historia ya Unix, programu ya kuendeshea kompyuta iliyoanzishwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Murray Hill, New Jersey, nchini Marekani, yaonyesha vingine. Huko uandishi ndio uliowapatia mafundi mashine yao.

Wakuu wa maabara walikuwa wamejitoa mwaka huo huo katika mradi mkubwa wa Multics, nao hawakupenda kugharimia mwingine wa namna hiyo. Basi mwaka 1970 likapelekwa ombi la kompyuta ya PDP-11, ya dola 65,000 hivi, kwa hoja ya kuandikia na kupanga maandiko. Hilo likakubaliwa. Mwishoni mwa 1971 wapiga taipu watatu wa idara ya hataza walikuwa wakiitumia kuandikia maombi ya kulinda uvumbuzi. Programu waliyoitegemea iliitwa roff, yenye asili katika RUNOFF, aliyoitunga Jerome Saltzer katika chuo cha MIT mwaka 1964. Mwandishi aliandika maneno yake, na kati yao akatia mistari iliyoanza kwa nukta: hiyo ndiyo amri za kuruka mstari au kuanza aya. Neno likisahihishwa, kurasa zilipangwa upya bila kupigwa taipu tena.

Kwa roff hiyo hiyo kilipangwa kitabu cha kwanza cha Unix, cha tarehe 3 Novemba 1971, kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Kilikuwa na sehemu saba, na kila programu ilielezwa chini ya vichwa vile vile: jina, namna ya kuiita, maelezo, faili zake, na pia kasoro zake. Kichwa hiki cha kasoro kilikuwa na uzito, kwa maana kilimtaka fundi akiri ila za kazi yake mbele ya wasomaji. Doug McIlroy, aliyesisitiza sana uandishi huo, alieleza baadaye kwamba kila kitabu kilipoandikwa programu zenyewe zilibadilishwa, ili ziweze kuelezeka.

Hata hivyo ukurasa mfupi humfaa yule ajuaye anachokitafuta. Mwanafunzi huhitaji kushikwa mkono. Kwa hiyo toleo la saba, la mwaka 1979, liligawanywa: juzuu ya kwanza ilikuwa na kurasa za marejeo, na ya pili makala ndefu za mafunzo, zikiwamo za kupanga majedwali na hesabu kwa msaada wa troff, programu aliyoitunga Joe Ossanna kwa ajili ya mashine ya kupanga herufi kwa picha.

Ossanna alifariki mwaka 1977. Alikuwa amewaachia watumiaji mwongozo kamili, lakini programu yenyewe, mistari 7,000 hivi ya lugha ya C, haikuwa na maelezo ndani yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Brian Kernighan, aliyeichukua mwaka 1979 ili aifanye itumikie mashine nyingine, alilazimika kuyafumbua mawazo ya marehemu mstari kwa mstari. Kitabu cha mtumiaji kilikuwapo. Cha mrithi hakikuandikwa.