Docuseries: umbo lilitangulia jina

Ukifungua Netflix leo utalikuta neno "docuseries" limebandikwa kila upande, kana kwamba limezaliwa na intaneti. Maana yake ni filamu ya hali halisi inayosimuliwa kwa vipindi, wahusika wakiwa watu wenyewe. Wengi huichanganya na docudrama, ambayo matukio yake huigizwa.

"Docu" ni kipande cha documentary, neno lenye mzizi wa Kilatini: docere, kufundisha. Wafaransa walikwisha kuziita filamu za safari documentaire. Februari 1926, Mskoti John Grierson, akihakiki katika gazeti la New York Sun filamu ya Robert Flaherty kuhusu Samoa, Moana, alilitumia neno hilo kwa Kiingereza, nalo likashika.

Mfululizo uliletwa na televisheni. Mwaka 1952 NBC ya Marekani ilianza kurusha Victory at Sea, vipindi 26 kuhusu vita vya baharini. The Great War ya BBC (1964) ilikuwa na vipindi 26 pia, na The World at War (1973) vilevile: kipindi kwa juma, nusu mwaka umejaa. Mwaka huohuo wa 1973, An American Family iliachana na majenerali ikaingia sebuleni kwa familia ya Loud huko California. Mama alimtaka baba talaka kamera zikiwaka. Kwa maoni yangu, vipindi vya leo vya kuchungulia maisha ya watu vimetoka hapo, ila masomo yamepungua na umbea umezidi.

Afrika Mashariki ina mtu wake katika historia hii: Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa. Mwaka 1986 aliongoza watazamaji wa BBC na PBS kwa vipindi 9 vya The Africans: A Triple Heritage. Lynne Cheney, mkuu wa taasisi ya serikali ya Marekani iliyochangia fedha, alikasirishwa na jinsi Mazrui alivyozinyooshea kidole nchi za Magharibi, akataka jina la taasisi liondolewe. Vipindi vikaonyeshwa.

Februari 2017, O.J.: Made in America, yenye sehemu 5 na zaidi ya saa 7, ilishinda Oscar ya filamu ya hali halisi. Majuma machache baadaye waandaaji wa Oscar walibadili kanuni: kazi za mfululizo haziruhusiwi tena kushindania tuzo hiyo.