Kamani au springi?

Fundi saa wa zamani alizoea kusema kamani. Neno hili lina asili ya Kiajemi, ambako kaman ni upinde. Springi, lililotoka Kiingereza, limetawala gereji na maduka ya magodoro. Je, kwa bunduki tutumie lipi?

Tutazame Marekani, kwenye mashindano ya kulenga shabaha kwa silaha za enzi za makauboi. Chama kikubwa cha mashindano hayo, Single Action Shooting Society, kilianzishwa mwaka 1987. Washindani huvaa kofia pana, hujipa majina ya kubuni na hugombea sekunde. Ndiyo maana baadhi yao hufungua bastola zao nyumbani na kulegeza kinachoisukuma nyundo, ili kidole gumba kiivute kwa wepesi. Wakizidisha, nyundo hugonga kinyonge, fataki haiwaki, na sekunde walizozitafuta zinawaponyoka.

Bastola ya Colt ya mwaka 1873 husukuma nyundo yake kwa kipande bapa cha chuma kilichopinda. Hicho ni kamani kwa jina na kwa umbo. Bastola ya Ruger Vaquero, ya zaidi ya karne moja baadaye, hutumia waya uliozungushwa mithili ya parafujo. Hapo springi haina ubishi.

Kwa hiyo tusiliue neno moja kwa ajili ya jingine: cha bapa tukiite kamani, cha kuzungushwa tukiite springi. Na kazi ya kuvilegeza tumwachie fundi wa silaha mwenye leseni.