Mcheza Kwao Hutunzwa: Habari za Klabu ya Abaluhya na Mashemeji Zake



Katika taarifa ya kila mwaka huandikwa hesabu ya michango, habari za misiba iliyotufika, na msaada wa karo kwa watoto wetu. Hiyo ndiyo kazi ya chama cha ustawi tangu zamani, wala hatukusudii kuipunguza heshima yake. Lakini iko kazi nyingine waliyoifanya wazee waliotutangulia ambayo haikuandikwa sana vitabuni, nayo ni malezi ya mpira wa miguu. Twaona yafaa kuikumbusha, kwa kuwa ndani yake mna sifa kubwa, na pia mna deni ambalo halijalipwa.

Mpira uliingia nchini kwa njia mbili, reli na shule. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na ikafika ziwani, mahali paitwapo Kisumu leo, mwaka wa 1901. Mwaka uliofuata, 1902, wamisionari wa Friends walianza kazi Kaimosi, na mwaka wa 1906 shule ya Maseno ikaanzishwa na Wamisionari wa C.M.S. Huko vijana walifundishwa kusoma, kuhesabu, na kuufukuza mpira. Bwana Carey Francis, aliyekuwa mkuu wa Maseno tangu 1928 hata 1940, kisha wa Alliance hata 1962, aliupenda mchezo huu na kuuhesabu kuwa sehemu ya malezi. Ndipo mtoto aliyetoka shuleni kwenda kutafuta kazi mjini alikwenda na vitu viwili: barua ya mwalimu wake na ustadi wa miguu yake.

Mwaka wa 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililotolewa na watengenezaji wa sabuni wa Uingereza, na Kenya ikalitwaa mara ya kwanza. Baadaye Tanganyika na Unguja zikaingia. Hivyo mpira ukapata heshima ya nchi nzima. Lakini nguvu yake ya kila juma haikutoka kwa nchi, ilitoka katika mitaa ya wafanyakazi.

Mgeni aliyefika Nairobi siku zile akapanga chumba Pumwani, Shauri Moyo, Makongeni au Kaloleni, jambo la kwanza alilolifanya ni kuwatafuta watu wa kwao. Akijiandikisha chamani, alijua ya kuwa akiugua atatazamwa, na akifa mwili wake hautaachwa katika nchi ya watu. Vyama hivyo vilifuata lokesheni na koo: watu wa Marama walikuwa na umoja wao, wa Kisa wao, wa Samia wao, wa Bunyore na wa Tiriki vivyo hivyo. Na karibu na kila umoja paliota timu ya mpira. Mchezaji hakulipwa mshahara. Siku za kazi alikuwa karani, mpishi, fundi au mtumishi wa reli, na mwisho wa juma alivaa fulana ya lokesheni yake. Mpira, fulana na nauli vilitoka katika mifuko ya watu, senti kwa senti, kwa mkono ule ule uliochangia jeneza.

Serikali ya kikoloni iliruhusu jambo hili kwa furaha, kwa kuwa ilidhani kijana anayecheza mpira hatakuwa na nafasi ya siasa. Katika hilo ilikosea nusu. Kamati ya timu ilimfundisha kijana kuitisha mkutano, kuandika kumbukumbu, kumchagua mwekahazina na kumwondoa akila fedha. Hayo yote yalihitajika mwaka wa 1963 bendera ilipopandishwa.

Mwaka huo huo wa Uhuru ligi ya taifa ilichezwa mara ya kwanza, na bingwa hakutoka Nairobi. Alikuwa Nakuru AllStars, timu iliyochukua jina la mji wala si la kabila. Mwaka wa 1964 ubingwa ulikwenda kwa Luo Union, timu ya chama kikubwa cha Waluo, na 1965 ukaenda Mombasa kwa Feisal. Watu wa magharibi nao waliona ya kuwa wana wachezaji hodari wengi, ila wametawanyika katika timu ndogo ndogo ambazo hushindana zenyewe kwa zenyewe.

Basi mwezi wa Machi 1964 timu za lokesheni ziliunganishwa. Za Marama, Samia, Bunyore, Kisa, Tiriki na nyinginezo ziliweka chini majina yao, ikazaliwa Abaluhya. Yafaa tufikiri uzito wa jambo hilo. Mzee aliyechangia timu ya lokesheni yake miaka kumi aliombwa akubali jina lake lizame ndani ya jina kubwa zaidi, na mchezaji aliyekuwa nyota kwao aliombwa akae kando amwachie aliye bora. Hapakuwa na sheria iliyowalazimisha. Walikubali, na matunda hayakuchelewa: Abaluhya ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka wa 1966 na tena 1967.

Katika timu hiyo ndimo walimong'ara Joe Kadenge na Jonathan Niva. Niva alikuwa mlinzi, na nahodha wa timu ya taifa. Kadenge, aliyefariki mwezi wa Julai 2019, alijulikana hata na wasiopata kukanyaga uwanjani, kwa maana sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela redioni iliyafanya maneno "Kadenge na mpira" yawe msemo wa nchi nzima. Ni nani katika sisi hakuwasikia watoto wakiyapiga kelele wakikimbiza mpira wa matambara?

Waluo nao hawakulala. Mwezi wa Februari 1968 Luo Union na Luo Stars ziliungana, wakaipa timu mpya jina la mganga mashuhuri wa kale, Gor Mahia. Mwaka huo huo ikatwaa ubingwa. Tangu hapo mchezo wa Abaluhya na Gor Mahia ukawa mchezo wa mashemeji, kwa kuwa jamaa hizi mbili zimeoana tangu zamani. Jina hilo ni jema, maana shemeji hutaniwa wala hapigwi. Twasikitika kusema ya kuwa si kila mara utani ulibaki utani. Mara nyingine mawe yalirushwa, na watu wakaenda nyumbani na majeraha.

Luo Union ilifufuliwa baadaye, ikawa bingwa wa nchi 1975, kisha ikatwaa kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mwaka wa 1976 na 1977. Abaluhya ililitwaa 1979, Gor Mahia 1980 na 1981. Halafu likaja neno la Serikali. Mwaka wa 1980 vyama vya kikabila viliamriwa kuvunjwa, na timu zikaamriwa kuacha majina ya makabila. Luo Union ikajiita Re-Union. Abaluhya ikawa AFC Leopards, na herufi hizo tatu zikafasiriwa kuwa umoja wa wachezaji mpira wote. Gor Mahia ilisalimika, kwa kuwa jina lake lilikuwa la mtu.

Hapa ndipo pana jambo tunalotaka wanachama walitafakari. Vyama vilivyozaa timu hizo vilikufa kwa amri ya siku moja, lakini timu mbili kubwa hazikufa. AFC Leopards ilitwaa kombe la Afrika Mashariki na Kati miaka mitatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984, na Gor Mahia ikalitwaa 1985. Ukihesabu tangu 1976 hata 1985, kombe hilo lilichukuliwa mara tisa katika kumi na watoto wa vyama vya ustawi vya Kenya. Mwaka wa 1987 Gor Mahia ilitoka sare 2-2 na Espérance kule Tunis, ikatoka sare 1-1 hapa Nairobi, ikatwaa Kombe la Mandela kwa mabao ya ugenini. Zilidumu kwa sababu gani? Kwa sababu mwenyewe wa kweli hakuwa chama kilichosajiliwa. Alikuwa yule mtu wa kiingilio, aliyefika uwanjani akiwa na jina jipya la timu yake mdomoni na mapenzi ya zamani moyoni.

Lakini mapenzi peke yake hayajengi nyumba. Luo Union, kama chama, ilijenga Kisumu jumba la kumkumbuka Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka wa 1953. Jumba ni kitu, lina mlango na hati. Timu hazikujengewa kitu. Gor Mahia na AFC Leopards zilipita miaka hamsini tangu kuzaliwa kwao bila kuwa na uwanja wao wenyewe, zikipanga uwanja wa wengine kila juma, na huku kila uchaguzi wa viongozi ukileta magomvi juu ya nani ni mwanachama na fedha za mlangoni zilikwenda wapi. AFC Leopards ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka wa 1998, kisha ikapita zaidi ya miaka ishirini bila kuurudia ubingwa huo. Re-Union ilififia, na vijana wengi leo hawalijui jina lake.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wazee wetu walimtunza mchezaji, kwa nauli, kwa fulana, kwa kumtafutia kazi. Hawakuutunza mchezo wenyewe, na hilo ndilo deni tulilolitaja mwanzoni. Kwa hiyo, iwapo vijana wa chama hiki watakuja mbele ya kamati kuomba msaada wa timu, twawasihi wazee wasiwape mpira na fulana tu. Wawaagize kwanza waandike daftari la wanachama, wasome hesabu hadharani kila mwaka kama tusomavyo hii yetu, na waanze kuweka akiba ya kununua kiwanja, hata kikiwa kidogo na mbali na mji. Majina yaweza kubadilishwa kwa amri, lakini hati ya kiwanja hubaki sandukuni.