Mpaka uliomo ndani ya simu yako



Mtu wa mjini akipata safari ya nje siku hizi ana maswali matatu: viza, nauli, na intaneti nitaipataje huko? Swali la tatu tunawaachia mafundi wa simu na vijana wa mtaani wanaosajili laini. Mimi naona ni swali la historia. Bei ya MB moja ukivuka mpaka haipangwi na umbali. Kutoka Arusha hadi Namanga ni karibu kuliko Arusha hadi Dar, lakini hatua chache ng'ambo ya geti la Namanga simu ile ile inaweza kukutoza kama mgeni aliyetoka mbali. Kinachobadilika pale ni makubaliano tu. Nitaeleza.

Tuanze nyuma kidogo. Kabla ya 1977 Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa na shirika moja la posta na simu, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, makao yake makuu yakiwa Kampala. Jumuiya ilipokufa mwaka huo, shirika likagawanywa, kila nchi ikaanzisha la kwake. Kumbukumbu moja ilibaki kwa miaka mingi: kupigiana simu kati ya nchi hizi tatu kulikuwa na namba fupi za ujirani, 005 kwa Kenya, 006 kwa Uganda na 007 kwa Tanzania. Jumuiya ilikufa, ujirani ukabaki kwenye namba.

Simu za mkononi ziliposambaa zilisambaa na mfumo wa Ulaya, GSM, na ndani yake wazo la romingi, yaani laini yako kutumika kwenye mtandao wa nchi nyingine. Mkataba wa kwanza wa namna hiyo ulitiwa saini mwaka 1992, kati ya Telecom Finland na Vodafone ya Uingereza. Utaratibu wake ni huu. Kila laini ina namba ya utambulisho inayoanza na tarakimu za nchi: Tanzania ni 640, Kenya 639, Uganda 641. Ukiwasha simu ugenini, mtandao wa pale unasoma tarakimu hizo, unauliza kwenu kama wewe ni mteja halali, kisha unakuhudumia na kuwapelekea kampuni yako bili ya jumla. Kampuni yako inaongeza chake, inakukata wewe.

Kwenye data kuna jambo la kuchekesha zaidi. Kwa utaratibu uliozoeleka, data ya mgeni hurudishwa kwanza nyumbani. Umekaa Kampala, unasoma gazeti la Kampala, lakini habari inazungukia Dar ndipo ifike kwenye kioo chako! Ndiyo maana romingi mara nyingine ni nzito hata kama minara ya pale ni mizuri.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo wengi tumeisahau. Septemba 2006 kampuni ya Celtel ilianzisha One Network kwa Kenya, Uganda na Tanzania. Celtel ilianzishwa 1998 na Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudan, na kufikia wakati huo ilikuwa imeshanunuliwa na MTC ya Kuwait. Mteja akivuka mpaka hakutozwa nyongeza ya romingi, kupokea simu ilikuwa bure, na vocha ya nchi aliyopo iliingia kwenye laini yake ya nyumbani. Mwaka 2007 mpango ukapelekwa Kongo zote mbili, Gabon na nchi nyingine. Washindani hawakulala. Safaricom, Vodacom Tanzania na MTN Uganda nao wakaja na mpango wao wa ujirani, Kama Kawaida.

Linganisheni na Ulaya. Umoja wa Ulaya ulianza kuweka ukomo wa bei za kupiga na kupokea simu za romingi mwaka 2007, na ikachukua hadi tarehe 15 Juni 2017 ndipo raia wao wakaanza kutumia simu nchi jirani kwa bei ya nyumbani. Kwa maana hiyo mama muuza vitenge wa Kariakoo aliyekwenda Kampala 2006 alionja uhuru huo miaka kumi kabla ya Mjerumani aendaye Ufaransa.

Lakini tusishangilie sana. Cha Ulaya kilikuwa sheria, chetu kilikuwa ofa ya biashara. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikauza sehemu kubwa ya shughuli zake za Afrika kwa Bharti Airtel ya India mwaka 2010, na ofa ya kampuni huenda na mwenye kampuni. Tena ilijengwa juu ya kupiga na kupokea simu, wakati ambapo data ilikuwa bado anasa.

Serikali ziliingia baadaye. Oktoba 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza Eneo Moja la Mtandao: kupokea simu bure, na kupiga kusizidi senti 10 za dola kwa dakika. Sudan Kusini ikafuata. Tanzania haikuwamo mwanzoni. Na hapo pia mkazo ulikuwa kwenye sauti.

Anayedhani bei hizi zinatokana na mitambo aitazame Uingereza. Ilipotoka Umoja wa Ulaya sheria ile ikaacha kuibana, na mwaka 2022 kampuni kadhaa kubwa za huko zikarudisha tozo za romingi Ulaya. Minara ni ile ile, bahari ni ile ile.

Haya, turudi kwa msafiri wetu. Ana njia tatu. Ya kwanza ni kifurushi cha romingi cha kampuni yake. Faida yake ni kwamba namba inabaki hai, na ujumbe wa benki wenye namba ya siri unamfikia. Ya pili ni kununua laini ya huko aendako. Hapo anatozwa kama mwenyeji, ila siku hizi nchi nyingi zinadai usajili, hivyo aende na pasipoti kwenye duka la kampuni, asichukue laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Ya tatu ni eSIM, laini isiyo na kadi ya kuchomeka, iliyosambaa baada ya iPhone kuipokea 2018. Nyingi ya hizi ni data tupu, hazina namba ya kupiga. Na wengi hawajui kwamba nyingi zinazouzwa kwa wasafiri zenyewe ni romingi: kampuni ya nchi ya tatu imenunua kwa jumla, inakuuzia kwa rejareja.

Kwa safari ya siku nyingi mimi huchukua laini ya huko, na ya nyumbani naiacha ndani ya simu kwa ajili ya ujumbe tu, romingi ya data nikiwa nimeizima kabla ya kufika mpakani. Kabla, si baada. Minara ya jirani haisubiri upigiwe muhuri.

Hiyo ni kinga ya mtu mmoja mmoja. Mfanyabiashara anayevuka Mutukula kila wiki, anayetuma picha za mzigo kwa WhatsApp na kuuliza bei kabla hajapakia, hawezi kuishi kwa kubadilisha laini kila safari. Kwake gharama hii ni ushuru usioandikwa kwenye bajeti yoyote. Tunao wabunge wa Afrika Mashariki wanaokaa Arusha. Wamezungumza sana kuhusu mahindi na malori. Waulizwe pia kuhusu MB.

Wadau, ninyi mnaovuka mara kwa mara mnatumia njia ipi, na inawagharimu kiasi gani? Naomba kuwasilisha.