Flashi, Jina la Kufuta

Umeme ulikatika Tanga saa tatu usiku, na laptopu haikuwa yangu. Mwenyewe alikuwa ameshaiuza. Angeondoka nayo na basi la alfajiri kumpelekea mnunuzi Dar. Ndani yake kulikuwa na gigabaiti 300 za video, mahojiano yangu na wazee kumi waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge. Mmoja wao alikuwa bibi yangu, ambaye tulikuwa tumeshamzika.

Betri ilibakiza nusu saa. Sikuogopa. Boksi la SSD yangu mpya liliahidi MB 500 kwa sekunde, yaani dakika kumi tu. Kwa dakika mbili mstari wa kijani ulisimama juu, kama ulivyoahidiwa. Kisha ukaporomoka hadi MB 80 na kubaki hukohuko. Muda uliosalia: dakika hamsini.

Historia ya mporomoko ule nilikuja kuijua baadaye. Kumbukumbu iliyomo ndani ya SSD ilibuniwa Toshiba, Japani, na Fujio Masuoka, aliyeiwasilisha San Francisco mwaka 1984. Mwenzake, Shoji Ariizumi, ndiye aliyependekeza jina: jinsi data ilivyofutika kwa mkupuo ilimkumbusha mmweko wa kamera. Sisi tunaoazimana flashi kila siku tunadhani jina linasifu kasi ya kuandika. Lilisifu kufuta.

Kuandika ndiko kwenye kazi. Kila seli hunasa chaji ya umeme. Ikibeba biti moja, ina viwango viwili tu vya chaji, hivyo huandikwa haraka, ila kwa gharama kubwa. Ili bei ishuke, watengenezaji waliipakia biti mbili, kisha tatu, yaani viwango 8. Mwaka 2018 zikaingia madukani SSD za biti nne: viwango 16. Sasa chaji hutiwa kidogo kidogo na kupimwa kila hatua, kama dawa ya mtoto.

Polepole hiyo haiuziki, kwa hiyo SSD ikajengewa baraza: seli chache zinazoandikwa biti moja moja, data ipokelewe hapo kwanza, ihamishiwe vyumbani baadaye. Samsung 840 EVO ya GB 120, iliyotoka mwaka 2013, iliandika kwa MB 410 kwa sekunde mpaka baraza lake la GB 3 lijae. Kisha MB 140. Mgeni mmoja mmoja haoni tofauti. Anayekuja na msafara mzima ndiye anayekuta baraza limejaa.

Usiku ule msafara ulikuwa wangu. Nilisitisha kunakili, nikachagua folda ya bibi iende peke yake. Dakika sita. Kisha nikachagua nyingine, na nyingine, nikijua kila mzee niliyemtanguliza alimrudisha mwingine nyuma. Laptopu ilipozima, nilikuwa na wazee sita.

Wanne waliondoka na basi. Nilimpigia mnunuzi mchana, akaniambia kwa upole kwamba ameshaifuta yote, na kwamba haikumchukua muda.

Siku hizi nanakili kwa mafungu, nikiiacha SSD ipumzike katikati. Na wawili kati ya wale wanne wako hai. Nimewaomba tuanze upya.